Hadithi Alizozishusha Kisimani

Baba mkubwa alikuwa mshika kamba. Kazi hiyo haina cheti wala sare, na mashine za kutoboa ardhi zimekwisha kuifuta karibu kote, kwa hiyo ni afadhali nianze kwa kuieleza.

Kisima cha kuchimba kwa mkono kinataka watu watatu. Mmoja yuko chini na sururu. Mmoja anabeba udongo na kuleta mbao za kuzuia kuta. Wa tatu yuko juu, kwenye mdomo wa shimo, ameshika kamba iliyopitishwa kwenye kapi. Kamba hiyo ndiyo inayopandisha ndoo za udongo mchana kutwa, zikifungwa juu ya kitanzi cha mwisho ambacho mchimbaji hakivui, na kazi ikiisha ndiyo inayompandisha mtu. Aliye chini haoni kitu isipokuwa kipande cha mbingu cha mviringo, kidogo kama sahani. Hawezi kujua kama pale juu pana mtu au mtu amekwenda zake. Ndiyo maana mshika kamba hana ruhusa ya kunyamaza.

Wengine huimba, wengine hupiga soga za mpira. Baba mkubwa alisimulia hadithi. Alisimulia kwa sauti nzito, ya sawasawa, na kila alipomaliza kipande alinyamaza kidogo, kutoka chini ikapanda sauti: "Nipo." Hapo akaendelea. "Nipo" isipokuja, alivuta. Hakuita mara ya pili wala hakuinama kuchungulia. Hewa ya chini ikiharibika haimpi mtu nafasi ya kuaga.

Zilikuwapo sheria nyingine mbili. Asubuhi, kabla mtu hajashuka, unatangulizwa mshumaa ndani ya kopo, na ukizimika hakuna kazi siku hiyo. Na mshika kamba hali. Maji anaweza kunywa, lakini chakula hakigusi kinywa chake mpaka mwenzake apande, kwa sababu mdomo uliojaa hausemi. Sheria hii baba mkubwa aliibeba mpaka nyumbani. Mezani hakutia mkono kwenye sahani kabla hajamwona kila mtu ameketi. Mama yangu alizoea kumtania: "Shemeji, siku moja nitamficha mtoto mmoja uvunguni, tuone utakaa na njaa mpaka lini." Yeye alitabasamu tu. Huko nyumbani maneno yalimwishia. Aliyapeleka yote kazini.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba yetu. Kitanda, kiti, ndoo ya maji, na kwenye msumari mkubwa ukutani, kamba. Jioni aliipitisha yote kati ya vidole, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye nyayo za mtoto. Hakuoa. Waliomuuliza sababu aliwaambia mke gani atakubali kulala chumba kimoja na kamba inayopendwa kuliko yeye.

Hadithi zake za mwanzo alizirithi kwa bibi, mama yao, ambaye alipiga deki kanisani kwa miaka mingi na kusikia kila neno lililosemwa mle ndani. Iliyopendwa zaidi kisimani ilikuwa ile ya kijana aliyependelewa na baba yake, ndugu zake wakamvua kanzu, wakamtupa kwenye shimo kavu, kisha wakamuuza kwa wasafiri. Mchimbaji wao alikuwa mtu waliyemwita Mrefu, kwa sababu alikuwa mfupi kupindukia, na ufupi huo ulimfaa sana shimoni. Mrefu hakuchoka kuisikia hadithi hiyo wala kuigombeza. "Kaka, huyo mzee naye alikosea," alipaza sauti kutoka chini. "Watoto wote wale, kanzu moja? Angewashonea wote, leo tungekuwa na hadithi nyingine." Juu watu wakacheka, na baba mkubwa akangoja kicheko kiishe, akasema kwamba hilo si jibu, jibu ni "Nipo".

Mtu wa tatu wa kundi hilo alikuwa baba yangu. Alikuwa mdogo wa baba mkubwa kwa kuzaliwa, na kwa tabia walikuwa kama wamezaliwa nyumba mbili. Baba alikuwa mcheshi, mtu wa watu, mwepesi wa kuahidi. Alipenda kupendwa. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo moja, na naona lilitosha kuyaleta yote yaliyofuata.

Siku moja mbao ziliwapungukia, na baba mkubwa akaenda kuzifuata mwenyewe kwa seremala. Akamkabidhi baba kamba. Baba alisimulia kidogo, akaona njaa, na mwanamke mmoja wa jirani akawa ameleta mkate na chai kivulini, hatua chache tu kutoka shimoni. Baba akafunga kamba kwenye nguzo, akaenda kula. Akanogewa na mazungumzo. Aliporudi aliita, na Mrefu hakujibu, wala hakujibu tena.

Watu walipokuja kuuliza nani alikuwa kwenye kamba, baba alisema ni kaka yake.

Aliaminiwa, na ndilo lililokuwa baya zaidi. Mji mzima ulimjua baba mkubwa kuwa ndiye mshika kamba, na seremala na yule mwanamke wa jirani hawakuitwa popote. Waliokuwapo barazani mwa mahakama walisema baba mkubwa alipoulizwa kama ana la kusema, hakumtazama aliyemuuliza. Alimtazama mdogo wake. Akanyamaza, vile vile kama alivyonyamaza baada ya kila kipande cha hadithi, akingoja sauti ipande kutoka chini. Haikupanda. Wakamfunga.

Bibi alifariki baba mkubwa akiwa gerezani, na hawakumruhusu kuja kuzika. Nyumbani kwetu jina lake halikutajwa. Baba aliacha uchimbaji, akawa kibarua wa hapa na pale, akacheka zaidi ya zamani na kukonda. Kamba ilibaki kwenye msumari, na hakuna aliyethubutu kuishusha, hata kuanikia nguo.

Baba mkubwa alirudi nikiwa likizo ya chuo. Aliingia uani mchana, mvi kichwani, mfuko mdogo mkononi. Akanisalimia, akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia nasoma fasihi, na kwamba mwalimu ametupa kazi ya kulinganisha kisasi na msamaha katika hadithi za kale za usaliti. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kusema ndipo nikajisikia. Yeye hakukunja uso. Alisema hata yeye huko alikokuwa amesoma kidogo, maana alilala kitanda kimoja cha ghorofa na mwalimu wa zamani aliyejua visa vya watu wa kale wa nchi za mbali. "Nimerudi na hadithi mpya," aliniambia. Akaingia chumbani kwake, nikasikia kamba ikishushwa kutoka kwenye msumari.

Jioni baba aliporudi, alimkuta kaka yake ameketi mlangoni, kamba mapajani, akiipitisha kwenye vidole. Baba alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Alilia, akaomba msamaha kwa maneno mengi, na mengine aliyarudia. Baba mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pale kiwanda cha matofali wanataka kisima," alisema. "Kamba ninayo. Sina mchimbaji."

Hilo tu.

Usoni baba alikuwa kama mtu aliyesomewa hukumu. Mama alimvuta ndani, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba akishuka kwenye shimo la mtu yule ajue ameshuka kaburini, na kwamba hata kichaa hampi mtu ambaye yeye alimdhulumu ashike pumzi yake mkononi. Baba alijibu jambo ambalo sijalisahau. "Nisipokwenda nitamwogopa mpaka nife. Nikienda nitamwogopa mpaka jioni."

Wakaenda. Mama hakuweza kuacha kazi zake, kwa hiyo alinituma mimi niwe napeleka chakula mapema na kubaki huko. Maagizo yake yalikuwa mafupi: "Kaa hapo hapo, mwanangu. Usisikilize maneno yake. Angalia mikono."

Kiwanda kilikuwa uwanja mpana wa udongo mwekundu, matofali mabichi yamepangwa safu safu kukauka, na upande mmoja tanuri kubwa ambalo wakati huo lilikuwa halijawashwa. Mbeba udongo alikuwa mtu wa kiwandani, mkimya. Nilikaa juu ya rundo la matofali karibu na shimo, daftari la chuo mapajani, nikijifanya nafanya kazi ya mwalimu. Niliangalia mikono.

Ilikuwa mikono mizuri. Ilivuta bila haraka, ikashusha bila kuachia. Mshumaa ulishushwa kila asubuhi na kila asubuhi ulirudi unawaka. Ila hadithi zilikuwa zimebadilika.

Alianza na mfalme wa kale aliyekosewa na ndugu yake wa damu. Mfalme hakumgusa. Alimwita nyumbani, akasema yaliyopita yamepita, akamwandalia karamu, akamkatia nyama kwa mkono wake. Ndugu yake alipokwisha kushiba ndipo akaonyeshwa vichwa vya watoto wake mwenyewe, akajua amekula nini. Baba mkubwa aliisimulia kwa sauti ile ile ya sawasawa. Akanyamaza.

"Nipo," alisema baba kutoka chini.

Siku nyingine alisimulia ya mwana wa mfalme ambaye dada yake alidhulumiwa na ndugu yao wa mama mwingine. Hii ilikuwa ya kanisani, ya bibi, ingawa sikumbuki kuisikia ikihubiriwa. Kijana yule hakumwambia nduguye neno zuri wala baya. Miaka miwili alinyamaza. Halafu akawaalika wote kwenye sherehe ya kukata manyoya ya kondoo, akawaagiza watumishi wangoje mpaka mvinyo umchangamshe mgeni.

"Nipo," alisema baba.

"Bado hatujafika," alisema baba mkubwa, "lakini vizuri."

Nilikuwa nimejaza kurasa kadhaa za daftari langu kabla ya likizo. Niliandika kwamba hadithi za watu wa kale hulipiza na hadithi za kanisani husamehe, na nilijiona nimefika. Pale juu ya matofali nilizifuta. Kisasi kimejaa kote. Na wale wanaosamehe, nilipowatazama tena, niliona kwamba karibu wote walingoja kwanza wawe na nguvu. Kijana aliyeuzwa aliwasamehe ndugu zake akiwa ameshika funguo za maghala yote ya nafaka, nao wakiwa na njaa. Kabla ya hapo aliwasingizia kuwa wapelelezi, akamfunga mmoja wao, akaficha kikombe kwenye gunia la mwingine. Hakuna anayejua alikuwa anawapima au anawatesa, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Sikumbuki hadithi ya mtu aliyesamehe akiwa bado shimoni, isipokuwa moja, na hiyo kila mtu anaijua, na aliyesamehe hakushuka msalabani akiwa hai.

Nilimtazama baba mkubwa na kamba mikononi. Yeye naye alikuwa na funguo za ghala.

Jioni baba alipandishwa mzima, akaoga, akaketi mezani. Vicheko vilikuwa vimemwisha. Baba mkubwa alingoja sote tuketi ndipo akaanza kula. Baba aliitazama sahani yake kwa muda, akamtazama mama aliyempakulia, kama anayetaka kuhakikisha ni yeye.

Kisima kilipokaribia maji, ilifika zamu ya hadithi ya mtu aliyerudi nyumbani baada ya vita na mateso ya baharini. Alirudi amevaa matambara ya ombaomba, na nyumbani kwake wanaume wengine walikuwa wakila mali yake na kumtaka mkewe. Hakuna aliyemtambua, ila mbwa wake mzee. Akapokea matusi, akapokea teke, akahesabu nyuso. Kisha akawaagiza watumishi wake wafunge milango.

Hapo baba mkubwa akanyamaza.

Chini sururu ilisimama. "Nipo," alisema baba.

"Imefungwa yote," alisema baba mkubwa. Akaendelea, upinde, mshale wa kwanza uliompata mtu kooni kikombe kikiwa mdomoni, mpaka hakubaki wa kusimama. Akasimulia hata lile ambalo mwalimu wetu chuoni aliliruka, jinsi watumishi wa kike walivyoamriwa kuosha meza na sakafu. Alipomaliza, mbeba udongo aliweka karai chini na kuondoka kwenda kuvuta sigara mbali.

Asubuhi iliyofuata mshumaa ulishuka na kurudi unawaka. Baba akashuka. Haukupita muda mrefu, watu wa kiwanda wakawasha tanuri. Moshi wake ulipanda wima, mweupe, na hakuna aliyeufikiria. Baadaye upepo uligeuka, moshi ukalala juu ya uwanja, ukatambaa kati ya safu za matofali kwa chini chini. Mimi nilikohoa nikafuta macho. Hata hivyo sikufikiri. Mshumaa ulikuwa umekwisha kujibu.

Siku hiyo baba mkubwa alirudia hadithi ya zamani, ya kijana na kanzu. Nilishusha pumzi. Nikasema moyoni, basi, ameimaliza safari yake, amerudi kwa mama yake. Alieleza jinsi ndugu walivyomwona anakuja kwa mbali. Jinsi walivyomvua kanzu. Jinsi walivyomshika mikono na miguu.

"Wakamtupa shimoni," alisema. "Na shimo lilikuwa tupu, halina maji. Kisha wakaketi kula chakula."

"Nipo," alisema baba.

Baba mkubwa hakuendelea. Aliketi kwenye ukingo wa matofali, akavuta kapu nililoleta, akatoa mkate. Akaumega. Akala.

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akila mtu akiwa chini. Nilisimama. Aliniinulia kiganja kimoja, nikae. Akatafuna polepole, akitazama mbele, na kutoka shimoni hakukuwa na sauti ila ya sururu, kisha sururu ikanyamaza.

"Kaka?"

Akamega kipande kingine.

"Kaka, upo?"

Nikakumbuka agizo la mama, nikaangalia mikono. Mikono ilikuwa na mkate. Kamba haikuwemo. Ndipo nilipoiona: alikuwa ameizungusha kiunoni mwake mwenyewe na kuifunga fundo, chini ya shati, asubuhi kabla hata baba hajashuka. Mwisho wake mmoja ulikuwa kwa ndugu yake na mwingine kwake. Hakuwa amekusudia kumuua. Alitaka asikie. Alitaka akae pale chini, kwenye ukimya ule ule, akijua kwamba juu mtu anakula.

Baba naye akaelewa. Alianza kusema kwa sauti kubwa, na watu wa tanuri wakasogea. "Mimi ndiye nilikuwa kwenye kamba," alisema. "Kaka hakuwepo. Alikwenda kufuata mbao. Mimi nilifunga kamba kwenye nguzo nikaenda kula. Nilikula, Kaka. Nilikuwa nacheka, na Mrefu yuko chini. Nilisema ni wewe kwa sababu niliona watu watanikimbia. Nilijua hutanikana." Sauti iligonga kuta, ikapanda kama ya watu wengi. Wafanyakazi wa matofali walikuwa wamevua kofia, sijui kwa nini. Baba akarudia tena, kwa uchovu, maneno yakiingiliana, kama mlevi. Akasema kichwa kinamuuma. Kisha akanyamaza.

Baba mkubwa alitia kinywani kipande kikubwa cha mwisho. Machozi yalikuwa yakimtoka, na naamini kwa muda ule alikuwa na amani. Alikuwa amepata alichokingoja tangu mahakamani. Alitafuna, akingoja "Nipo" ya kumalizia.

Haikuja.

Niliona uso wake ukibadilika. Kwanza alidhani baba anamlipa kimya kwa kimya. Halafu pua yake ikanusa moshi, macho yakaenda kwenye tanuri, yakarudi kwenye shimo. Akafungua kinywa kumwita ndugu yake. Hakikutoka kitu. Mdomo ulikuwa umejaa mkate.

Hata hakutema. Aliinuka na kamba ikiwa kiunoni, akarudi nyuma kwa nguvu zote kama punda aliyefungwa mkokoteni, akivuta kwa mwili mzima, na mimi nikaidaka mbele yake, na wale watu wa tanuri nyuma yetu. Baba alipanda ametegemea kitanzi, kichwa kimelegea, uso wa rangi nisiyotaka kuieleza. Tulimlaza juu ya matofali. Mtu mmoja alishusha mshumaa wakati wengine wakimpepea, na mwali ulizimika kabla kopo halijafika nusu.

Alichukua muda mrefu. Alitapika, akakohoa, akafungua macho kwenye mwanga. Neno lake la kwanza lilikuwa "Nipo."

Baba mkubwa alikuwa amepiga magoti pembeni, bado hajameza.

Walipoletwa nyumbani kwenye mkokoteni wa matofali, mama alitoka mbio na kusimama. Hakumuuliza mume wake kitu. Alimtazama shemeji yake. Naye akasema, "Shemeji, nimekula." Mama hakuelewa siku hiyo. Nilimweleza baadaye, akakaa chini akashika kichwa.

Baba mkubwa hakushika kamba tena. Aliikata vipande vifupi na kuwapa majirani vya kufungia mbuzi. Watu wa kiwanda walisambaza maungamo ya baba mji mzima, na walikuwapo waliomshauri baba mkubwa arudi mahakamani ajisafishe. Alikataa. Alisema angekwenda kusema nini, kwamba ndugu yake alikula na mtu akafa, naye akala mtu asife kwa sababu upepo ulichelewa kidogo kugeuka?

Mahali walipokwenda, wawili pamoja, ni kwa mama yake Mrefu. Baba alisimulia yote mlangoni, amesimama. Yule mama aliwasikiliza, mkono kwenye fremu ya mlango. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu aliita?"

"Sikuwepo kusikia, mama," alijibu baba.

Alitikisa kichwa taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza. Hawakupata jibu lingine kwake, na wala hawakurudi kulidai.

Waliishi uani pamoja miaka mingi baada ya hapo. Ukiwaona wameketi barazani ungesema ndugu wapendanao, na labda walikuwa hivyo. Baba alibaki na mkono mmoja mzito na usahaulifu. Kaka yake alimsaidia kuvaa viatu. Lakini neno lenyewe halikusemwa. Baba aliomba msamaha siku ile vumbini, na jibu alilopata lilikuwa kazi ya kisima. Hakuthubutu kuomba tena. Kaka yake alipompa kikombe cha maji, alikitazama kwanza, nukta moja tu, kabla ya kunywa. Baba mkubwa aliona kila mara. Hakuonyesha.

Wala hakumaliza hadithi. Mara kwa mara baba alisema, kama kwa mzaha, "Kaka, yule kijana ulimwacha shimoni." Baba mkubwa alijibu kwamba wasafiri wako njiani, watafika. Sisi wengine tulicheka. Mimi sikupenda kicheko hicho.

Nimefundisha hadithi hizo kwa wanafunzi wengi sasa, na kuna sehemu moja ambayo hunifanya nisimame kidogo darasani. Ni baada ya kijana kuwasamehe ndugu zake, kuwalisha na kuwapa ardhi. Baba yao mzee anafariki. Na mara anapozikwa, ndugu wanaanza kuogopa upya. Miaka yote wamekula mkate wake, na hawakuamini. Walidhani anangoja mzee afe. Mwenye kulipiza, wahanga wake wanajua mambo yameisha. Mwenye kusamehe hawezi kuwaonyesha mwisho.

Baba mkubwa alifariki kitandani, asubuhi, mashavu yameingia ndani. Baba alikuwa naye chumbani mpaka dakika ya mwisho. Nilimuuliza kama alisema chochote. "Aliniuliza kama nimekula," alisema baba.

Makaburini, jeneza lilipokwisha kushushwa na wenye majembe wakainama, baba aliwaomba wasubiri. Alisogea mpaka ukingoni. Nilimshika kiwiko, akaniondoa mkono. Akaanza kusimulia, kwa sauti nzito ya sawasawa ambayo sikujua anayo, akianzia pale hadithi ilipoachwa. Wasafiri walifika. Wakamvuta kijana kutoka shimoni. Akanyamaza kidogo. Akaendelea, nyumba ya ugenini, gereza, ndoto, maghala, ndugu waliokuja na magunia matupu bila kumtambua. Kila mwisho wa kipande alinyamaza, na watu wakadhani anazidiwa na kilio, wakawa wanasema pole. Mimi nilijua anangoja.

Alifika kwenye maziko ya mzee, na ndugu wakija kuinama mbele ya yule waliyemuuza, wamejaa hofu. Hapo akasimama. Ni zamu ya aliyeuzwa kusema. Udongo ulikatika kidogo ukingoni, ukadondoka juu ya mbao. Baba alisubiri mpaka wenye majembe wakaanza kutazamana.

Jioni chakula kililetwa, na wageni wote wakaketi. Mama alimsogezea baba sahani, akamwambia ale hata kidogo, tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Baba aliutazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Bado," alisema. "Hajapanda."